Huyu Si Nyoka: Mkunga Tunayekuuzia

Juma lililopita mama mmoja wa Shangani aliturudishia kilo moja ya samaki aitwaye mkunga, mfuko haujafunguliwa vizuri. "Mwanangu, mmenipa nyoka." Nilimrudishia pesa yake, kisha nikamwomba asubiri kidogo. Nikakitoa kichwa cha yule samaki kwenye barafu tukakitazama pamoja.

Nyuma ya shavu pana tundu, na hapo hapo pezi dogo la kifuani, la kijivu, lina doa jeusi. Nilipolifunua tundu, yakaonekana matamvua mekundu. Nyoka hana matamvua wala mapezi; hata yule wa baharini lazima apande juu kuvuta hewa. Kinachotisha watu ni ngozi. Mkunga hana magamba, amejaa utelezi, na pezi lake la mgongoni linazunguka mkia mpaka tumboni bila kukatika.

Pezi la kifuani ndilo tunaloangalia tunaponunua. Mkunga wa miamba, yule anayekaa mdomo wazi na mara nyingi ana madoadoa, hana pezi hilo. Huyo hatumuuzi. Akiwa mkubwa anaweza kuwa amekusanya mwilini sumu inayoanzia kwenye mwani mdogo sana wa matumbawe, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika wala kwa kugandisha.

Wetu wa kijivu mchana hujibana kwenye nyufa za mawe na kwenye nyasi za bahari, usiku hutoka kuwinda samaki na kaa. Ndiyo maana hupatikana kwa mshipi wa usiku, na ndiyo maana kuna siku unapiga simu tunakwambia hayupo.

Ndugu zake wengine wameingia kilindini kabisa. Mkunga mkubwa wa Ulaya hufikia urefu wa mita 3, na hupatikana hata kwenye kina cha mita 1,000, ambako jua halifiki, maji ni ya baridi na shinikizo ni kama mara mia ya lile tulilozoea huku juu. Huko ndiko anakozalia, tena mara moja tu maishani. Jike likikomaa huacha kula, meno hung'oka, mifupa hulainika, na tumbo hujaa mamilioni ya mayai. Hutaga, kisha hufa. Vitoto havifanani na mama yao hata kidogo: ni bapa kama jani, mwili unapitisha mwanga kama kioo, na mikondo huvichukua mbali kwa miezi mingi kabla havijawa mikunga. Tangu nijue safari hiyo, mkunga mfupi kuliko mkono wangu simnunui, hata mvuvi akinipunguzia bei.

Jikoni, kumbuka damu yake mbichi ina sumu. Moto huimaliza, kwa hiyo mpike aive hasa, na unapomsafisha usijiguse macho. Utelezi msugue kwa chumvi na ndimu. Nusu ya kichwani ina minofu minene, inafaa mchuzi wa nazi. Ya mkiani ina miiba mingi, ifanye supu uichuje.

Mama wa Shangani siku ile alichukua samaki mwingine, changu. Sisi tangu hapo mkunga hatumkati mapema: anakaa mzima na kichwa chake mezani, mteja amwone kwanza, ndipo kisu kipite.