Njeri, naomba ruhusa

Waltham, Massachusetts
Jumapili jioni

Kwako Njeri,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima, watoto ni wazima, mgongo tu ndio unanisumbua kwa kuinua wazee usiku kucha. Natumai shosho amepona mguu, na kwamba Mama Timo amerudisha ile pesa ya chama, au angalau ameacha kujificha akikuona sokoni. Nimenyamaza tangu Pasaka na najua umenuna. Endelea kununa, lakini soma kwanza, kwa sababu nina ombi na mwisho wake ni Alhamisi.

Ombi ni hili: wanataka nisimame mbele ya watu nisimulie habari za Januari 2008, zile ghasia za baada ya uchaguzi. Zangu na zako. Sijakubali. Nimewaambia habari hizo zina wenyewe wawili, na mmoja yuko Nakuru.

Sasa utauliza ni akina nani hao. Ngoja.

Mwenye nyumba wetu ameongeza kodi dola 400 kwa mwezi, kwa mpigo mmoja, na hakuna wa kumuuliza. Zamani Boston, Cambridge na Brookline zilikuwa na sheria za kudhibiti kodi, lakini mwaka 1994 jimbo zima lilipiga kura kuzifuta. Miji hiyo mitatu yenyewe ilitaka zibaki, ikazidiwa na watu wa mbali ambao hawakuwa wakilipa kodi hizo. Huku Waltham hatukuwa nayo hata hiyo. Basi barua ya nyongeza ilipokuja, kila mtu kwenye jengo alinung'unika na mlango wake umefungwa.

Ndipo akaja huyu binti. Anasoma Brandeis, kile chuo kilicho mlimani juu ya reli, kilichoanzishwa na Wayahudi mwaka 1948, enzi ambazo vyuo vikubwa vya hapa vilikuwa bado vinahesabu Wayahudi wanaoingia ili wasizidi. Yeye na wenzake wa vyuo vingine vya karibu wamo kwenye programu ya uongozi ya wanafunzi wa Kiyahudi wanaotaka kubadilisha mambo kwenye jamii. Kila mmoja anapewa mahali: mmoja kwa wapangaji, mwingine kwa watu wanaofanya kazi kama yangu, mwingine kwa wahamiaji wasio na karatasi. Mara moja kwa wiki, Jumanne, wanakutana kufundishwa na kugombana. Wanagombana kweli, hilo ni sehemu ya masomo.

Kwanza aliniudhi. Nimetoka shifti ya usiku, nimelala, mtu anagonga. Unanijua mimi na milango. Sikufungua. Akarudi jioni, sikufungua. Mwishowe Mganda wa ghorofa ya chini, yule wa matoke, akapanda naye na kuniita kwa jina ndipo nikatoa kufuli.

Nilidhani analeta kikapu cha chakula, au Yesu. Hakuwa na kikapu, na Yesu usimtajie. Aliketi, akauliza kodi imepanda kiasi gani, halafu akanyamaza. Nikajaza ule ukimya kwa maneno, unajua nilivyo. Akaendelea kuuliza: ninakasirishwa na nini? Ninamhofia nani? Watoto wanalala wapi? Ilipita kama nusu saa akaaga. Hakuleta fomu wala hakuniambia nitie sahihi mahali. Baadaye nikajua ndivyo wanavyofunzwa: kaa na mtu mmoja, uliza, funga mdomo, kisha nenda kaandike. Hilo la kuandika sikulipenda, nikamwambia nionyeshe daftari. Akanionyesha. Kati ya mambo mengine alikuwa ameandika, "Hafungui mlango kwa wageni. Ulizia sababu, lakini usiharakishe."

Njeri, huyo ana miaka ishirini!

Kuna kanuni moja wanaishika kama amri: usimfanyie mtu jambo analoweza kujifanyia mwenyewe. Imetoka kwenye shule ya Saul Alinsky, mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi wa Chicago, ambaye mwaka 1939 alianza kuwakusanya watu wa mtaa ulio nyuma ya machinjio na viwanda vya nyama, Wapolandi na Waayalandi na wengineo waliokuwa hawasemezani, wakadai mambo yao kwa pamoja. Kwa hiyo binti hakumwandikia mwenye nyumba barua. Alituuliza ni nani kwenye jengo anasikilizwa na wenzake, na watu, bila kunishauri, wakanitaja mimi. Sasa nina kazi mbili na ya pili haina mshahara.

Unawakumbuka wale wa misaada, wa fulana nyeupe, kambini pale Showground? Wale waliokupiga picha umeshika karai, wakaondoka bila kukuuliza jina? Niliwafikiria sana nikimtazama huyu na daftari lake. Simsifu bure. Anaongea haraka mno, anachelewa, na anaamini kila jambo lina suluhu ikiwa watu watakutana mara za kutosha. Mikutano, Njeri! Kuna mkutano wa kupanga mkutano. Hata kanisani kwetu hatukufika huko.

Wanafundishwa historia yao pia. Wanasimuliwa juu ya majira ya joto ya 1964, wanafunzi walipoenda Mississippi kuwasaidia watu weusi kujiandikisha kupiga kura. Miongoni mwa wale wazungu waliokwenda, Wayahudi walikuwa wengi. Tarehe 21 Juni waliuawa watatu: Andrew Goodman na Michael Schwerner, vijana wa Kiyahudi kutoka New York, na James Chaney, kijana mweusi wa huko huko. Miili ikapatikana Agosti, imefukiwa chini ya ukuta wa bwawa. Binti alinisimulia kwa sauti ya mtu anayetaja ndugu zake, na alizidi kuwataja wale wawili. Nikamuuliza, na huyu Chaney, ambaye ni kwao, ambaye mamaye alibaki na vitisho kule kule hadi akalazimika kuhama? Akanyamaza, safari hii si kwa mafunzo. Akasema hata mwalimu wao huwabana hapo hapo: aliyejua barabara ni nani, na nani angekaa baada ya wageni kuondoka. Nilimpenda zaidi siku hiyo.

Na kuna Marshall Ganz, mtoto wa rabi, ambaye mwaka huo huo aliacha masomo Harvard akaenda Mississippi, kisha akafanya kazi miaka mingi na Cesar Chavez na wavunaji wa mashamba ya California. Alirudi kumaliza digrii yake miaka 28 baadaye, akawa mwalimu pale pale. (Kwa hiyo diploma yangu ya uuguzi bado iko ndani ya muda, mwambie mama.) Yeye ndiye aliyeniletea balaa hili. Anafundisha kwamba ukitaka watu wainuke, waeleze kwanza jambo lililokufanya wewe ujali, kisha linalowaunganisha, kisha la kufanywa sasa. Yaani uanze na habari zako mwenyewe. Huku watu wanaweza. Mtu atakueleza talaka ya wazazi wake kabla hujajua jina lake la pili. Sisi tulilelewa vingine, na sina hakika kwamba tulilelewa vibaya.

Ilitoka hivi. Walinialika chakula cha Ijumaa jioni, cha kukaribisha Sabato, pale Hillel. Hicho ni chama cha wanafunzi wa Kiyahudi kilichoanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1923, na sasa ukienda chuo chochote kikubwa utakikuta. Mishumaa, nyimbo, mkate uliosukwa kama nywele za msichana anayefungua shule. Nikauliza kimoyomoyo mursik, maziwa yetu ya mgando, wangeionaje. Kijana mmoja wa historia akaniuliza natoka wapi Kenya. Nikasema Eldoret, hutapajua. Akaweka uma chini. "Uasin Gishu?" Akaruka, akawaita wenzake: "Huyu anatoka kule tulikokaribia kuhamia!"

Nilidhani amelewa ile divai tamu. Kumbe ni kweli. Mwaka 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alipendekeza kuwapa viongozi wa Kizayuni, waliokuwa wakiwatafutia Wayahudi nchi, ardhi Afrika Mashariki, kwa sababu Wayahudi walikuwa wakichinjwa huko Urusi. Waliiita habari ya Uganda, lakini ardhi yenyewe ni nyanda zetu za Uasin Gishu. Wakatuma watu watatu wakaja kuangalia, na mwaka 1905 mkutano wao wa Basel ukaikataa. Hebu fikiria, Njeri, tungekuwa tunanunua maziwa kwa nani? Tukacheka sana mezani. Kisha nikasema, na Wanandi waliulizwa lini? Maana mwaka huo huo wa 1905 Waingereza walikuwa vitani nao, na kiongozi wao Koitalel aliuawa Oktoba. Wakatazamana. Yule wa historia akasema hakuna aliyewauliza. Binti wangu akasema polepole kwamba hilo ndilo wanalojifunza mwaka mzima, na kwamba lingefaa kusemwa hata kwa watu wao kuhusu mahali pengine pia. Mwenzake wa upande wa pili wa meza akageuza uso.

Najua unachotaka kuuliza, na nimeliona. Gaza imewagawa. Kuna wawili wasioketi pamoja, na mmoja babake hampokelei simu tangu alipolala kwenye mahema ya wanafunzi mwaka 2024. Kwenye programu wamekubaliana kwamba Jumanne ni ya Waltham. Wakati mwingine naona ni kukwepa. Wakati mwingine naona kwamba kama wangeanza na lile, mimi nisingekuwa na mtu wa kwenda naye kwa mwenye nyumba. Sijaamua, nawe usinilazimishe niamue kwa simu.

Turudi. Baada ya kula waligawanyika wawili wawili kusoma, ndivyo wanavyosoma, mtu na mwenzake wakibishana juu ya mistari michache. Ilikuwa Isaya 58, wao huisoma siku yao kuu ya kufunga. Unaijua, mfungo wa kweli ni kugawa chakula chako na kuwaleta nyumbani maskini waliofukuzwa. Binti akaniuliza, wewe umewahi kuona mtu akifanya hivyo?

Njeri, nilikuwa sijasema kwa miaka yote hii. Sikumwambia hata mume wangu yote. Nikajikuta nasema: stoo ya mahindi, wewe na wadogo zako mmelala nyuma ya magunia, mama akipika ugali mwingi kuliko watu wanaoonekana, na mjomba anaingia, anatazama lile sufuria, anatutazama, halafu... Unajua. Akaomba chumvi. Nikasema pia juu ya wale waliokuja kugonga usiku, na mama aliyezungumza nao dirishani. Nikasema nyumba yenu ya Langas. Sikulia. Yule binti ndiye aliyelia, ikabidi mimi nimbembeleze, kazi ya tatu.

Sasa wanasema Alhamisi, kwenye ukumbi wa kanisa, madiwani wa mji wakiwepo na wapangaji wa majengo mengine, niseme hayo kwa dakika mbili. Dakika mbili! Binti anasema hatanisukuma, na kwamba nikisema kuhusu kodi tu inatosha. Lakini nimejaribu kusema kuhusu kodi tu na nasikika kama mtu anayesoma bili. Ninachokasirikia kweli ni kuona watu wakiambiwa watoke walipo, na majirani wakiangalia sufuria bila kusema neno. Nilikijua hicho kwetu, sikukijua hapa.

Hata hivyo ni habari yako kuliko yangu. Mimi nililala kitandani kwangu. Na sitaki ugeuzwe tena mwanamke wa karai.

Basi nijibu. Je, niseme au nisiseme? Nikisema, nitaje jina lako, au niseme "rafiki yangu" tu? Mjomba nimwache nje, kwa kuwa bado yu hai na binti zake wako kwenye simu mchana kutwa? Mzee wako anajua habari ya stoo? Mama yako akija kusikia kupitia kwa yule binamu yenu wa huku Lowell, ambaye hakosi mkutano wowote wenye chai, atasemaje? Na wewe mwenyewe ulishawahi kumwambia mtu? Wadogo zako wanakumbuka, au walikuwa wachanga mno? Ungekuwa wewe hapa ungeanzia wapi, kwenye mlango au kwenye mahindi?

Ukitaka kukataa, andika HAPANA, sitauliza sababu, nitasoma bili yangu na mambo yataisha. Lakini usinyamaze. Jumatano mchana siendi kazini, piga. Na tafadhali usinitumie sauti ya dakika kumi yenye majogoo.

Ni mimi,
Chebet