Uzuri wa michoro haulipii dakika zilizozidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie hukumu moja iliyozoeleka mno katika uhakiki wa filamu za katuni. Mhakiki hukiri kwamba filamu inajikokota na kwamba imerefushwa kupita kiasi, kisha katika sentensi inayofuata huisamehe yote hayo kwa kuwa michoro yake inapendeza. Mimi ni mpenzi mkubwa wa uhuishaji, na ni mapenzi hayohayo yanayonifanya niikatae hukumu hiyo.

Anayetazama picha iliyotundikwa ukutani ana mamlaka juu ya muda wake: huitazama mpaka akinai, kisha huondoka. Filamu humnyima mtazamaji mamlaka hayo, kwa kuwa yenyewe ndiyo inayoamua kila taswira ikae mbele yake kwa muda gani. Jicho nalo huzoea upesi. Rangi zilizotushangaza katika dakika ya 5, tukifika dakika ya 50 zimeshakuwa hali ya kawaida ya ulimwengu ule, na hapo akili huanza kudai haki yake: nani anataka nini, ni nini kinachomzuia, na kwa nini tuendelee kumfuata.

Mfano wa wazi ni Sleeping Beauty ya studio ya Walt Disney, iliyotoka mwaka 1959 kwa gharama ya takriban dola milioni 6, fedha nyingi kuliko zilizowahi kutumika katika filamu yoyote ya katuni ya studio hiyo hadi wakati huo. Mandhari zake, zilizobuniwa kwa uongozi wa mchoraji Eyvind Earle kwa kufuata sanaa ya Ulaya ya enzi za kati, ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa zilizowahi kuonekana katika sanaa hii. Hata hivyo, binti mfalme ambaye hadithi ni yake hunena machache mno, na kwa sehemu kubwa ya filamu wahusika hupita mbele ya miti ile ya ajabu bila kutupa sababu ya kuwahangaikia. Filamu hiyo ina dakika 75 tu, lakini huhisiwa kuwa ndefu kuliko nyingine zenye saa mbili. Katika maonyesho yake ya kwanza haikurudisha gharama zake. Sidai kwamba mwendo wake ndio sababu pekee, ila ni dhahiri kwamba uzuri peke yake haukutosha.

Sitaki nieleweke kuwa naupinga mwendo wa polepole. Filamu ya Isao Takahata ya mwaka 2013 kuhusu Binti Kaguya, msichana aliyetoka mwezini akalelewa kijijini, iliyotengenezwa na Studio Ghibli ya Japani, ina dakika 137 na haina haraka hata kidogo, nami nisingependa ipunguzwe. Imechorwa kwa mistari inayofanana na ya mkaa na rangi za maji, huku sehemu kubwa ya karatasi ikiachwa nyeupe. Kaguya anapoikimbia karamu iliyoandaliwa kwa heshima yake, mistari hiyo huchakaa na kuvurugika, mpaka mwili wake na njia anayopita vinakuwa mikwaruzo mitupu; hapo uchungu wake huuoni usoni, unauona katika mchoro wenyewe. Vilevile, siku za utoto wake kijijini zinasimuliwa polepole kwa sababu zitakwisha, na anapolazimika kurudi mwezini sisi nasi tunajua hasa ni kitu gani anachopokonywa. Katika filamu ya namna hiyo uzuri haufidii mwendo wa polepole, kwani vyote viwili vinafanya kazi moja. Pale ambapo uzuri unahitajika kufidia kitu, tayari kuna kitu kimeharibika.

Naelewa kwa nini watengenezaji huona uchungu kukata. Filamu hupita kwa fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana, kila sekunde, na hata pale mchoro mmoja unapotumika kwa fremu mbili, dakika moja ya mhusika mmoja huhitaji michoro 720. Kuitupa dakika hiyo ni kutupa jasho la watu. Lakini kukata kunawezekana. Mhuishaji Ward Kimball alifanya kazi kwa miezi akichora tukio la vibeti saba wakinywa supu kwa ajili ya Snow White and the Seven Dwarfs ya mwaka 1937. Uhuishaji wa penseli ulikuwa umeshafanyika, na bado Walt Disney aliliondoa tukio hilo kwa kuwa lilichelewesha hadithi. Lilikuwa zuri, na kuliondoa kulikuwa sahihi.

Kwa hiyo ninaloomba, Mhariri, ni kwamba wahakiki wako wanapoiita filamu ndefu mno watuambie urefu huo uko wapi: ni tukio lipi lingeweza kuondolewa, na hadithi ingepoteza nini kwa kuondolewa kwake. Michoro wasiisifu kwa jumla tu. Waeleze inasimulia nini ambacho maneno hayasemi. Msomaji anayetaka kujua kama atoe saa mbili na nusu za muda wake atanufaika zaidi kwa maelezo hayo kuliko kwa kuambiwa kwamba filamu inachosha lakini inavutia macho.

Wako katika kuipenda sanaa hii,

Msomaji