Kisukari sio sukari tu, pimeni mafuta na mtuvue viatu

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo linaniuma. Mgonjwa wa kisukari anaenda kliniki, anatobolewa kidole, namba inaandikwa kwenye kadi, anaambiwa apunguze wanga, basi, anarudi nyumbani. Viatu hajavua. Mafuta kwenye damu hayajapimwa na wala hajui kama yanatakiwa kupimwa. Siku kidole cha mguu kikigeuka cheusi ndo kila mtu anashtuka, wakati shida ilianza miaka mingi nyuma.

Jamani hivi vitu vinaenda pamoja. Kisukari, hasa aina ya 2, kinavuruga mafuta kwa namna yake, triglisaridi (aina mojawapo ya mafuta kwenye damu) zinapanda, kolesteroli nzuri yaani HDL inashuka, na ile mbaya, LDL, hata namba yake ikionekana ya kawaida chembe zake zinakuwa ndogondogo na zinapenya kirahisi kwenye ukuta wa mshipa. Mshipa unajenga utando, njia inakuwa nyembamba, na kwa mwenye kisukari mishipa ya chini ya goti ndo inaumia sana. Damu haifiki vizuri mguuni, na neva, yaani mishipa ya fahamu, nazo zimeshaharibika, yaani mtu anakanyaga msumari hasikii, kiatu kinamchubua hasikii, kidonda kinaanza na damu ya kukiponya hakuna. Bakteria wakiingia hapo, habari za kukatwa mguu zinaanza.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba mshipa ukiziba, kawaida mtu anaumwa shavu la mguu akitembea, akipumzika linaacha, ila mwenye ganzi anaweza asipate dalili hiyo kabisa. Kwa hiyo kusubiri maumivu ni hatari. Kipimo kipo, wanagawanya presha ya kifundo cha mguu kwa ya mkono, jibu likiwa chini ya 0.9 mshipa una shida (ila kwa wenye kisukari mishipa mara nyingine imekakamaa na namba inadanganya kwa kwenda juu, ndo maana wengine wanapimwa presha ya kidole gumba cha mguu).

Dawa nazo zipo. Statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli, zinashauriwa kwa wenye kisukari wa miaka 40 hadi 75 hata kama hawajawahi kuumwa moyo, lakini wengi wanaziacha kimyakimya kwa sababu kolesteroli haiumi na mtu haoni tofauti yoyote akimeza. Tafadhali msiache bila kuongea na daktari. Na sigara, kwa mwenye kisukari sigara ni kuimaliza hiyo mishipa kabisa.

Wahudumu wetu, nawaomba, mgonjwa avue viatu na soksi angalau mara moja kwa mwaka, mwenye ganzi mara nyingi zaidi, mguse na mapigo ya mguuni. Na wewe mgonjwa usipoambiwa, uliza mwenyewe, mafuta yangu yakoje? Kidonda cha mguu hata kiwe kidogo vipi kionyeshe siku hiyohiyo, usikae nacho nyumbani ukisubiri kikauke.

Msomaji wako