Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, Juni 2025: Dawa ya Farasi na Deni Langu Kwenu

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka mtazipata kwa mweka hazina. Misiba, harusi na michango imo kwenye kumbukumbu za katibu, nami sitairudia. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka jana mama mmoja alisimama pale nyuma akasema, "Mwenyekiti, wewe si unashinda na farasi? Basi tueleze hii dawa ya farasi inayowamaliza watu Kensington." Kensington, kwa asiyeujua, ni mtaa wa Philadelphia wenye soko la dawa za kulevya. Nikajibu kwamba nitaeleza mwezi unaofuata. Mwezi umekuwa mwaka. Naomba radhi, na taarifa yangu ya leo karibu yote ni kulipa deni hilo.

Kwa waliojiunga karibuni: mimi ni msaidizi wa daktari wa mifugo katika kliniki ya wanyama wakubwa, Chester County, nje kidogo ya Philadelphia. Asubuhi ng'ombe wa maziwa, mchana farasi. Dawa mnayoisikia inaitwa zailazini. Nilianza kuishika Morogoro nikiwa kijana wa kukamata ng'ombe kamba, na nimeikuta huku kwenye kabati. Ilitengenezwa Ujerumani na kampuni ya Bayer mwaka 1962, kwa matumaini kwamba itakuwa dawa ya presha. Walipoijaribu kwa watu ikashusha presha na mapigo ya moyo kupita kiasi na kuwalaza usingizi, wakaachana nayo. Mwaka 1972 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikaipitisha kwa wanyama tu. Mpaka leo hakuna nchi niijuayo ambako daktari anamwandikia binadamu dawa hiyo.

Niwaonyeshe inavyofanya kazi, maana ukiona hilo mengine yataeleweka. Farasi wa kilo 500 tunamchoma kwenye mshipa wa shingo kama mililita tano za ile chupa kali. Unasimama pembeni na kamba mkononi. Baada ya dakika mbili tatu kichwa kinaanza kushuka, kinashuka mpaka usawa wa magoti, mdomo wa chini unaning'inia kama wa mzee aliyesinzia barazani. Hadondoki. Anasimama hivyo hivyo, miguu imetanuka, na wewe unamshona au unamsafisha kwato. Ng'ombe wa uzito uleule anataka kama sehemu moja ya kumi ya dozi hiyo. Ukijisahau ukampa ya farasi, utakuwa unamtafutia shimo la kumzikia. Sasa fikirini dawa yenye mambo hayo inachanganywa kwenye ndoo, kwa kukisia, na mtu asiyejua hata anamchanganyia nani.

Ilianzia Puerto Rico. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wa huko walikuwa tayari wanaichanganya na heroini na kuiita kwa Kihispania dawa ya usingizi ya farasi. Ikaja Philadelphia. Fentanili, dawa kali ya maabara ya jamii ya afyuni, ilipoisukuma heroini nje ya soko, wauzaji walikuta tatizo moja: fentanili inapanda haraka na kuisha haraka, mteja anarudi na arosto, yaani mateso ya kuikosa dawa, kabla jua halijasogea. Zailazini inaurefusha ule usingizi. Tena ni rahisi ajabu. Idara ya kupambana na dawa za kulevya, DEA, iliandika mwaka 2022 kwamba unga wake unaagizwa kwa wauzaji wa China kupitia intaneti kwa dola 6 hadi 20 kwa kilo. Kilo nzima! Mwaka 2021 idara ya afya ya jiji letu ilipopima sampuli za unga wa mitaani, zaidi ya asilimia 90 zilikuwa nayo. Mwaka uliofuata DEA waliikuta katika majimbo 48 kati ya 50, na karibu robo ya unga wa fentanili waliokamata nchi nzima ulikuwa umechanganywa nayo.

Sasa sheria, maana hapo ndipo mgongano ulipo na ndipo na mimi nilipo. Februari 2023 FDA ilibana uingizaji wa zailazini usio halali kutoka nje. Aprili 2023 Ikulu ya Marekani ikautangaza mchanganyiko wa fentanili na zailazini kuwa tishio jipya kwa taifa, mara ya kwanza tangazo la namna hiyo kutolewa katika historia ya nchi hii. Mwezi huohuo gavana wetu, Josh Shapiro, akatangaza kwamba Pennsylvania inaiweka kwenye Jedwali la Tatu la dawa zinazodhibitiwa, kapu moja na ketamini, dawa nyingine ya usingizi. Kuanzia Juni ikawa hivyo kwa muda, na mwaka 2024 ikawa sheria ya kudumu.

Siku tangazo lilipotoka, kliniki nzima tulinuna. Daktari wangu aligonga meza. Nieleze kwa nini, msije mkadhani watu wa mifugo hawana huruma. Kwa ng'ombe na kulungu hatuna mbadala wa maana. Mbwa na paka wana dawa nyingine. Ng'ombe aliyevunjika pembe saa nane usiku hana. Hofu ilikuwa kwamba serikali ikikaza sana, watengenezaji wataona usumbufu wa vibali hauna faida, watafunga mitambo, na mkulima atabaki na kamba na watoto wake wa kiume. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani, AVMA, kilipigania lugha ya sheria iache mlango: daktari aendelee kuitumia na kuiandika, mfugaji aliyeandikiwa asihesabiwe mhalifu, na mtu mwenye unga wa mitaani akamatwe. Pennsylvania iliandika hivyo. Naona walifanya sawa, ingawa siku ile nilisema mengine ambayo katibu hakuyaandika, na namshukuru.

Kwetu kilichobadilika ni kufuli na daftari. Zamani chupa ilikuwa inakaa ndani ya gari, kwenye kasha la plastiki, pamoja na glovu na sandwichi. Sasa iko kwenye kabati la chuma lenye kufuli, na kila mililita inaandikwa: tarehe, mnyama, kiasi, aliyechoma, kilichobaki. Mwezi Novemba daftari letu lilipungukiwa na mililita mbili. Mbili tu. Tulikaa hadi saa tatu usiku, watu wanne, tukipekua kadi za wanyama moja moja mpaka tukakuta farasi jike mmoja aliyeongezewa dozi shambani, mvua inanyesha, na mwandikaji akasahau. Mwandikaji huyo alikuwa mimi. Nilirudi nyumbani nimechoka lakini sikulalamika, kwa sababu kabla ya daftari zingepotea mililita 50 na hakuna ambaye angejua.

Lakini wanachama, tusidanganyane. Zipo chupa zilizochepushwa kutoka kwa madaktari wa mifugo, DEA wenyewe wamesema, na kwa hizo kufuli linasaidia. Ule unga wa dola 6 kwa kilo haukupita kwenye kabati la mtu yeyote. Na angalieni kilichofuata. Masika ya 2024, sheria ya kudumu ikiwa mbioni, hospitali za Philadelphia zikaanza kupokea watu wenye hali ngeni. Ilikuwa dawa nyingine ya wanyama, medetomidini, ndugu wa zailazini wa ukoo mmoja lakini mkali zaidi kwa mbali. Sisi tunaijua kwa mbwa. Kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa imeipita zailazini katika sampuli za jiji.

Arosto ya hii si ile mliyozoea kuisikia Temeke au Mombasa, ya kutetemeka na kuharisha siku tatu ukiwa umejifunika blanketi. Mtu akiikosa kwa saa chache tu presha inaruka, moyo unakwenda mbio, anatapika bila kukoma, anatetemeka mwili mzima, na wengi wameishia chumba cha wagonjwa mahututi. Huko wanatulizwa kwa deksimedetomidini, dawa halali ya hospitali ambayo ni nusu ya medetomidini yenyewe. Kwa hiyo mtu wenu akiwa katika hali hiyo msimfungie chumbani mkisema "ataacha tu". Mpelekeni hospitali.

Je, sheria ndiyo iliyoleta hii mpya? Nimeulizwa na wanachama watatu. Naweza kusema tu kwamba muuzaji alipobanwa pua akapumua kwa mdomo, na atafanya hivyo tena. Mbele ya Congress, bunge la Marekani, kuna mswada wa kuidhibiti zailazini nchi nzima. Uliwasilishwa kwanza Machi 2023 na kina Seneta Catherine Cortez Masto na Chuck Grassley, ukaisha muda, na mwaka 2025 ukarudishwa. Uingereza imeshaiweka kwenye daraja C la dawa zinazodhibitiwa tangu Januari 2025. Mimi nauunga mkono mswada huu, pamoja na ule mlango wa wafugaji. Ila msinitume Washington kwenda kusema kwamba utafunga biashara ya Kensington.

Sasa nije kwetu, na hapa nianze na kosa langu. Mwaka juzi nilisambaza kwenye kundi la WhatsApp ujumbe uliosema naloksoni, yaani Narcan ile ya kupuliza puani ya kumwokoa aliyezidisha dozi, "haifanyi kazi siku hizi". Ujumbe ulikuwa na nusu ya ukweli. Zailazini si jamii ya afyuni, kwa hiyo naloksoni haiigusi. Wanyama tunawaamsha kwa dawa nyingine, na hizo hazijaidhinishwa kumwamshia mtu aliyetumia zailazini. Lakini mtaani karibu kila mara fentanili imo, na fentanili ndiyo inayozima pumzi, na hiyo naloksoni inaiondoa. Kwa hiyo unampulizia. Anaweza akarudi kupumua na bado akalala fofofo, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa au wanamwongezea dozi juu ya dozi. Angalieni kifua, msiangalie macho. Akipumua vizuri, mlaze ubavu, kaa naye, subiri gari la wagonjwa. Asipopumua, mpulizie pumzi mdomoni. Ujumbe wangu niliufuta, ila najua ulishasambazwa mpaka Maryland.

Kuhusu kupiga 911, namba ya dharura: sheria ya Pennsylvania ya mwaka 2014 inamlinda anayeita msaada asishtakiwe kwa kukutwa na dawa kidogo, mradi abaki na mgonjwa na ajitambulishe. Wenye mambo ya uhamiaji, ulizeni mwanasheria sasa, mchana, mkiwa mmetulia. Msiyangoje usiku wa tukio.

La mwisho ni vidonda. Mwezi Machi mama mmoja wa hapa aliniita nyumbani kwake upande wa Northeast wa jiji, akanitoa jikoni hadi chumba cha mjukuu wake. Kijana ameketi kitandani, suruali imekunjwa. Kwenye ugoko kuna kidonda kirefu kama kiganja, katikati nyama nyeusi, kavu kama ngozi ya kiatu. Kwa miezi miwili alimwambia bibi ni buibui. Bibi akawa anakiosha kila asubuhi kwa spiriti na dawa ya povu, kwa mapenzi yote, na kila asubuhi anakichoma upya. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona anajidunga mkononi na kidonda kiko mguuni?" Swali zuri, na hata madaktari lilikuwa likiwasumbua. Vidonda vya zailazini hutokea hata mbali na sindano, na hata kwa anayevuta tu. Inadhaniwa dawa inabana mishipa ya damu, ngozi inakosa hewa, inakufa.

Nilimpigia simu dada mmoja muuguzi, mwanachama wetu, akaja usiku ule ule akitoka zamu. Akaosha kwa maji safi na sabuni laini, akapaka mafuta ya mgando, akafunika kwa bandeji isiyong'ang'ania, akafunga. Spiriti akaiweka kwenye takataka mbele ya bibi. Kidonda kimepungua. Kijana bado anatumia, sitawaficha, lakini sasa anakuja kufungwa kila baada ya siku mbili na mguu wake upo. Wapo wenzake waliokatwa. Na ninaomba neno "teja" lisitumike kwenye vikao vyetu, maana bibi yule anakaa safu ya tatu na anasikia.

Kamati inaomba mridhie mambo machache: fedha kidogo za bandeji na vifaa vya kuoshea vidonda, Jumamosi mbili za mafunzo na dada muuguzi, kwa Kiswahili, ili kina mama wasitafsiriwe na watoto wao, na karatasi za kupimia zailazini, ambazo Pennsylvania haizihesabu tena kuwa vifaa vya uhalifu tangu Januari 2023. Mjue tu karatasi hizo haziioni medetomidini, na lidokeni, dawa ya ganzi, inaweza kuzidanganya zikasema ndiyo pasipo na kitu.

Narcan zimo kwenye maboksi mawili mezani, karibu na chai. Kila nyumba ichukue moja kabla ya kuondoka.