Kutafuta pesa zilizofichwa ukumbini hakuhitaji kifaa cha sikioni

Mhariri,

Uhakiki wenu wa filamu ya The Great Buck Howard umempa John Malkovich, anayeigiza msoma mawazo wa jukwaani Buck Howard, haki yake, hasa pale mlipoeleza anavyomsalimu mtu kwa kumtikisa mkono hadi bega linacheza. Lakini mmeteleza penye kiini cha hadithi. Mmeandika kuwa mchezo wa Buck wa kutafuta malipo yake yaliyofichwa na watazamaji ukumbini hauwezekani bila kifaa cha sikioni, na kwamba huenda msaidizi wake ndiye anayenong'oneza. Filamu imeliacha swali hilo wazi kwa makusudi. Jukwaani lilishajibiwa zamani.

Buck ametokana na Kreskin, msoma mawazo wa Marekani aliyefariki Desemba 2024, ambaye mwongozaji Sean McGinly aliwahi kumfanyia kazi. Kreskin alikuwa akifichiwa hundi yake ya usiku huo, na asipoiona ameikosa. Mchezo wenyewe ni wa kale. Katika miaka ya 1880 Washington Irving Bishop alikuwa akitafuta pini zilizofichwa, bila betri wala waya mwilini.

Njia inayojulikana ni kusoma misuli. Msanii hutolewa nje chini ya ulinzi wa watu wawili watatu kutoka kwa hadhira, pesa zikafichwa, kisha akarudi na kumchagua mmoja wa walioona zilipowekwa. Huyo humshika msanii kifundo cha mkono, au wakashika leso kila mmoja ncha yake. Haruhusiwi kusema neno. Anatakiwa awaze tu: kulia, mbele, simama. Msanii hutembea upesi, nusu hatua mbele yake. Akipotea njia, mkono wa yule mtu huwa mzito; akielekea penyewe, unakuwa mwepesi kama unaomfuata wenyewe. Daktari Mwingereza William Carpenter alieleza chanzo chake mwaka 1852: mtu akiuwaza mwendo kwa nguvu, misuli yake huanza kuufanya bila yeye kutaka. Wakifika kwenye safu, msanii hupitisha mkono polepole, juu na chini. Karibu na pesa, pumzi ya mwenzake hukatika, na ukumbi wote hunyamaza.

Huharibika kwa sababu za kawaida kabisa. Mkono uliolegea hausemi kitu. Mtu aliyedhamiria kumkwamisha msanii humvuta kinyume. Aliyeona mahali kwa mbali tu humfikisha kwenye safu, kisha naye hajui kiti ni kipi. Na msanii mwenye haraka hukosa kusimama pale mkono unapositasita, ndiyo maana ukumbi mgeni wenye shinikizo kubwa, kama ule wa Las Vegas kwenye filamu, humwangusha hata mkongwe.

Msaidizi basi anafanya nini? Huacha njia pana kati ya safu, huwasha taa za ukumbini, si za jukwaani peke yake, na huhakikisha walinzi hawafahamiani na msanii. Zaidi ya yote hukaa mbali na mahali pesa zinapofichwa, kwa sababu akipajua, hata kutupa jicho kwake kunaweza kuuvuruga mchezo. Colin Hanks anamwigiza Troy, msaidizi wa Buck, vizuri katika hili: macho yake yanamfuata bosi wake, na wasiwasi wake ni wa mtu asiyejua jibu.

Tafadhali rekebisheni sentensi ile.

Msomaji wenu