Mama wa mgonjwa apewe maiki kwanza

Kwa Mhariri,

Jumapili iliyopita nilikuwa kwa harambee huku Kisauni na mpaka leo nikikumbuka roho yaniuma, si kwa sababu ya hela manake hela hutafutwa, yaniuma kwa sababu nilimuona mama wa mgonjwa amekaa kwa kiti cha plastiki pale mbele masaa matatu mazima akisubiri apewe maiki azungumze habari ya mwanawe mwenyewe, na alipokuja kupewa jua lishaanza kuzama, watu washasimama, wengine wako mlangoni wanatafuta viatu, na emsii akamwambia mama tafadhali dakika mbili tu.

Masaa matatu hayo walizungumza kina nani? Alizungumza mwenyekiti wa kamati, akazungumza msaidizi wake, akazungumza mweka hazina, wageni wakatambulishwa mmoja mmoja kwa majina na vyeo, mgeni wa heshima akachelewa na alipofika akazungumza karibu dakika arubaini juu ya barabara na maji, halafu keki ikapigwa mnada. Juu ya kijana tuliambiwa mambo mawili, kwamba figo zimefeli na kwamba zatakikana laki nane. Basi. Ndoo ilipozungushwa ilirudi na noti za hamsini na za mia, pamoja na ahadi nyingi za mdomo ambazo sote twajua nusu yake hazifiki.

Sasa sikizeni yule mama alisema nini kwa zile dakika mbili. Hakutaja cheo cha mtu. Alisema: "Mwanangu ana mshipa kwa mkono, walimtengenezea hospitali wa kuingizia sindano za dayalisisi, ile mashini ya kumsafishia damu, na ule mshipa watetemeka kama simu. Usiku akikosa usingizi huniita, huniambia mama weka kidole hapa, bado walia? Nami huweka kidole namwambia walia baba, lala. Jumanne na Ijumaa naamka saa tisa za usiku nakaanga mahamri, alfajiri namwachia jirani aniuzie, mimi na yeye twashuka hospitali, alala kwa ile mashini masaa manne na ni hapo hapo afanyapo kazi yake ya shule." Akarudisha maiki, akaketi.

Wale waliokuwa mlangoni walirudi. Nilimuona kwa macho yangu mzee mmoja auzae makaa hapo karibu, alikuwa ashavaa viatu, akavivua tena akaenda kutia noti ya elfu, na mwanzo alikuwa ametia mia. Vijana wa bodaboda walioegesha nje waliingia wakauliza namba ya M-Pesa ni gani. Kwa dakika kumi hivi ile ndoo ilipata zaidi ya ilichopata mchana kutwa, na wakati huo zaidi ya nusu ya watu walikuwa washakwenda zao. Hao waliokwenda bila kumsikia ndio ninaowafikiria tangu Jumapili.

Mimi nimeshika maiki kwa harusi na michango ya kina mama tangu 2009, Kisauni, Kongowea, Majengo, mpaka Likoni huko, kwa hivyo haya siyasemi kama mtu wa kupita njia. Na nakiri na mimi nimeyafanya, nimewatanguliza wakubwa nikidhani ndio heshima na mwenye shida nikamweka mwisho kama shukrani. Ni makosa na yanagharimu watu matibabu.

Kuna utafiti mmoja wa Marekani ambao kila kamati ya mchango ingefaa kuujua. Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic waliutoa 2007. Watu walikuwa wamelipwa dola 5 kwa kujaza fomu tu, halafu wakaombwa kama wangependa kuchangia wenye njaa Afrika. Kundi moja walielezwa habari ya mtoto mmoja, Rokia, msichana wa miaka 7 wa Mali. Kundi lingine walipewa hesabu, mamilioni wangapi wana njaa nchi gani na nchi gani. Kundi la tatu walipewa vyote viwili, Rokia na hesabu pamoja. Waliosikia ya Rokia peke yake walitoa kwa wastani dola 2.38, wa hesabu walitoa 1.14, na hapa ndipo pa kusimama mtu afikirie, wale waliopewa vyote viwili walitoa 1.43 tu. Yaani hata hadithi nzuri ukiitilia hesabu yapoa, kama chai uliyoitia maji ya mtungi. Na sisi Jumapili tulifanya nini? Tulianza na laki nane, tukaishikilia laki nane masaa matatu, na hadithi tukaitupa mwisho. Sisemi hesabu zifichwe, la, watu wana haki ya kujua hela yao yaenda wapi, ziandikwe kwa karatasi kubwa zibandikwe ukutani pale mlangoni na kila mtu azisome akiingia na akitoka. Lakini maiki iachiwe mtu.

Na si jambo jipya. London kulikuwa na hospitali ya watoto iliyofunguliwa 1852 ikiwa na vitanda 10 tu, hiyo ya Great Ormond Street ambayo mpaka leo ipo, na hela ikaanza kuwa shida. Tarehe 9 Februari 1858 wakafanya karamu ya mchango wakamwalika mwandishi Charles Dickens azungumze. Yule bwana aliwasimulia wale matajiri juu ya mtoto mmoja mgonjwa aliyemuona kwa nyumba ya maskini Edinburgh, amelazwa ndani ya sanduku la mayai ambalo mamake aliliomba dukani. Sanduku la mayai! Hata mimi niliye Kisauni miaka zaidi ya 160 baadaye naliona lile sanduku. Usiku ule zilipatikana zaidi ya pauni 3,000, hela nyingi sana kwa zama zile, na hospitali ikaweza kununua nyumba ya jirani ikaongeza vitanda.

Hapa kwetu Kenya mwakumbuka Zack Kimotho? Alipigwa risasi na majambazi 2004 akapooza, na 2012 akatoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akashika barabara, akasema aenda Afrika Kusini kwa sababu huko ndiko kuliko na kituo cha kuwasaidia walioumia uti wa mgongo, na kwamba atarudi nyumbani Wakenya wakichanga za kujenga kituo chetu, milioni 250. Kila mtu aliyemuona kwa runinga alielewa bila kuelezwa mara mbili. Mtu mmoja, kiti kimoja, barabara ndefu, na swali moja la kuuliza kila jioni, amefika wapi leo?

Jamani sisi watu wa Pwani ndio wa kufunzwa haya? Nyanya yangu marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa hawezi kuanza hadithi mpaka tumjibu. Paukwa! Pakawa! Tukijibu kwa uvivu arudia tena paukwa, mpaka hata yule mdogo aliyekuwa asinzia ajibu, ndipo aendelee. Halafu alijua kunyamaza. Akifika pale penye jambo asimama, amenya chungwa lake pole pole, mpaka sisi wenyewe twapiga kelele halafu je, halafu je nyanya? Wazee wa barazani Mji wa Kale nao ni hivyo hivyo, kikombe cha kahawa kimoja na habari moja, na mtu apita njia hana nia ya kukaa ajikuta amekaa. Haya tunayo, ila tukiingia ukumbini tukapewa maiki twageuka tunaanza "itifaki zote zimezingatiwa" na hapo hapo watu wanatoa simu wanachat.

Tena kuna jambo la wakati. Julai 2024 Rais Ruto alitoa amri kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki harambee. Najua kamati nyingi zilishtuka, zikasema sasa mchango utakufa manake nani ataleta bahasha kubwa. Mimi nauona kama mlango umefunguka. Kama bahasha kubwa haiji, tutegemee mia mia za watu wengi, na mtu wa mia hatoi kwa sababu ya kuogopa cheo cha mtu, hutoa kwa sababu ameguswa.

Sasa yule mama hakufunzwa na mtu, alikuwa na kipaji chake au uchungu ulimfunza, lakini si kila mtu ataweza kusimama mbele ya watu mia mbili asitetemeke. Hapo ndipo sisi wenye kushika maiki tuwe na kazi. Usiku wa kabla ya mchango nenda nyumbani kwa mwenye shida, keti naye jikoni, mwache azungumze, usimwandikie. Atakueleza mambo kumi, wewe msaidie achague moja. Moja tu, kama ule mshipa unaolia. Mwambie aanze hapo hapo bila salamu ndefu, amtazame mtu mmoja anayemjua ukumbini, na akishikwa na machozi anyamaze, asiombe radhi, watu watamsubiri. Kuna chama cha kufunza watu kuzungumza mbele za watu, Toastmasters, kilianzia Santa Ana kule California 1924, hotuba zao za kawaida ni dakika 5 mpaka 7 na pale nyuma huwa na taa, kijani ikiwaka umetimiza dakika za chini, manjano ujue muda unayoyoma, nyekundu umefika mwisho. Sisi taa hatuna lakini leso tatu za rangi hizo hatukosi, mtu akae nyuma azinyanyue, na zinyanyuliwe kwa kila mtu, mgeni wa heshima pia.

Na kuna jambo moja lanikera zaidi ya hotuba ndefu. Hizi klipu zinazotumwa kwa magrupu ya WhatsApp, mtoto amefunuliwa kidonda, uso waonekana wazi, jina lake na shule yake vimeandikwa, ati ndio watu waone huruma. Hiyo si kusimulia, huko ni kumvunjia mtoto heshima. Ile klipu haifutiki, atakuwa mtu mzima ataenda kuomba kazi au kuposa na bado yazunguka. Sheria yetu ya kulinda data ya 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, na mimi naongeza, mtoto akiwa ashafika umri wa kuelewa aulizwe na yeye. Yule mama wa Jumapili hakuonyesha picha hata moja, na hakuna aliyemsikia akatoka pale bila kumuona mwanawe.

Baada ya mchango pia twanyamaza kimya. Watu wametoa, mwezi wapita, miezi mitatu yapita, hakuna anayejua kijana yu hai au vipi, halafu mwaka ujao mnataka watoe tena na mwashangaa mbona wamechoka. Lile grupu la mchango lisivunjwe. Mama arekodi sauti yake dakika moja aeleze, hela zilifika kiasi hiki, tumelipa hiki, kijana amefanya mtihani. Wengine watalia na wengine watafurahi na wote watajua hadithi yao imefika wapi, manake hata wao ni watu wa ile hadithi.

Naomba mambo mawili. Kaunti itupe ukumbi kama wa Tononoka jioni moja kwa mwezi bila kutulipisha, tufanye usiku wa hadithi, kiingilio kiwe mchango, na watoto wetu wanaosimulia ngano kwa tamasha za drama za shule waje wasimulie na wawafunze watu wazima, vipaji vile vinaishia kwa vyeti vya kutundika ukutani na mji una wagonjwa. Na wewe Mhariri, gazeti lako kila wiki lina matangazo ya watu wanaoomba msaada, tafadhali toa nafasi ndogo, hata robo ya safu, ya waliosaidiwa kusimulia wenyewe kwa maneno yao yaliyotokea baadaye.

Laki nane bado hazijatimia. Juzi nilikwenda nyumbani kwa yule mama tupange mchango wa pili, kijana mwenyewe alikuwa amekaa kibarazani na daftari lake, ana miaka 15. Nikamuuliza yeye aonaje mamake akiyasema yale mbele za watu. Akasema, "Shangazi, mama alisema vizuri, lakini mimi hakuna aliyeniuliza. Mimi najua kusema." Tumekubaliana atafungua yeye, kabla ya mtu yeyote, dakika tano, na ameniambia mazoezi afanya Jumanne na Ijumaa akiwa kwa mashini, wauguzi wa zamu ndio wamsikilizao.

Emsii wa kina mama,
Kisauni, Mombasa