Kwa Mama Neema, kuhusu diski za almasi

Arusha

Mama Neema shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Watoto wazima, kazi inasogea, na mvua imetuachia tope mpaka mlangoni. Hongera kwa mashine ya kukata vito. Nilifurahi mno kusikia sasa utakata mawe mwenyewe hapo Voi badala ya kumpa dalali rafu (jiwe ambalo halijakatwa) na kubaki ukisikia tu limeuzwa bei gani.

Nimeisoma orodha uliyotumiwa na muuzaji: diski nane kwa mkupuo, namba 60 mpaka 100,000 (namba ikiwa ndogo, almasi ni kubwa na inakwangua zaidi), na bei inashuka ukichukua zote. Usichukue zote. Nusu ya hizo zitakaa kabatini.

Kwanza angalia mawe yako. Wewe utakata tsavoraiti, zile ganeti za kijani, za Kasigau, turmalini kidogo, na ganeti nyekundu zikipatikana. (Hiyo tsavoraiti mmeipa jina la Tsavo yenu, ila iligunduliwa kwanza upande wetu wa Tanzania mwaka 1967, tusisahauliane.) Rafu ya tsavoraiti safi mara nyingi haifiki hata gramu moja. Jiwe dogo namna hiyo ukiligusisha kwenye namba 60 au 180, linakwisha mkononi. Diski hizo ni za mtu anayekata kwatzi kubwa au kuondoa ganda la jiwe nene. Futa 60, futa 180. Hata 260 iache mpaka siku utakapoletewa jiwe la kuihitaji. Umbo la kwanza litoe kwa 600, taratibu, maji yakidondoka muda wote.

Sasa nisikilize vizuri, maana wauzaji hawalielezi hili. Mkwaruzo unaouona juu ya jiwe si jeraha lote. Chembe ya almasi inapopita, huacha nyufa ndogo sana zinazoshuka ndani kuliko mkwaruzo wenyewe. Almasi ya namba 600 ina ukubwa wa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 25 hadi 30 hivi, 1200 ni kama 15, na 3000 inakaribia 6. Kwa hiyo ukihama kutoka 600 kwenda 1200, hujaenda kulainisha tu, umekwenda kuondoa tabaka lote lililoumizwa na 600. Ukiondoka mapema, uso utaonekana laini, utaanza kung'arisha, halafu vidoa vyeupe vitachomoza kutoka chini wakati pembe zako zimeshakaa sawa. Hapo watu hulaumu unga wa kung'arishia na kununua mwingine, na mwingine, wakati kosa lilifanyika diski mbili nyuma. Ndiyo maana kwa 600 usifikishe nyuso za jiwe zikutane kabisa kwenye ncha. Acha nafasi, 1200 ije ikutanishe.

Kwa hiyo pesa yako nzuri iweke kwenye 1200 na 3000. Kwenye 600 unaweza kubana matumizi. Mimi hata napenda 600 iliyochakaa kidogo, inauma kwa adabu.

Kuhusu aina: nyingi utakazoonyeshwa ni za chuma zenye almasi iliyogandishwa juu kwa nikeli. Hiyo almasi ni tabaka moja tu, kama rangi ya kucha: ikibanduka, imekwisha, huna cha kufufua. Lakini ni rahisi, na kwa anayeanza zinatosha. Kuna pia sahani nyembamba zinazolazwa juu ya diski nene ya alumini na kushikwa na utando wa maji. Hizo ni nafuu zaidi, ila ubora wake ni ubora wa diski iliyo chini. Hiyo ya chini ikiwa imepinda, kila utakachoweka juu kimepinda. Halafu kuna zile ambazo almasi imechanganywa na unga wa metali ukachomwa mpaka ukashikamana, kwa hiyo almasi imo mpaka ndani. Zinadumu miaka mingi hata kwa mtu anayekata kila siku, na zikianza kuteleza unazisugua kwa jiwe la kunolea zinarudi kuuma. Bei yake ni ya juu mara kadhaa. Usizifikirie sasa, subiri mawe yaanze kukulipa.

Kabla ya kulipa, pima mhimili wa mashine yako, ule unaovaa diski. Diski nyingi zina tundu la nusu inchi na upana wa inchi 6 au 8, lakini si mashine zote zinalingana. Ikifika, ifunge, izungushe polepole, uitazame kwa ubavu, macho yakiwa usawa wa diski. Ukingo ukipanda na kushuka, irudishe. Hata ukigusisha jiwe utasikia: linagonga mara moja kila mzunguko badala ya kusaga kwa sauti moja.

Diski mpya ya nikeli ina chembe zilizosimama juu kuliko nyingine, nazo zitakuchorea mikwaruzo mirefu. Usiipe tsavoraiti siku ya kwanza. Chukua kipande cha kwatzi kisicho na thamani, sugua uso mzima kwa maji mengi mpaka ule mlio wa ukali upungue. Hasa 1200 na 3000, usiruke hatua hii.

Kung'arisha ni habari nyingine, ila kwa ganeti anza na diski ya bati (ile metali laini, si bati la kuezekea) na unga wa almasi wa 60,000, tone dogo la mafuta, mwendo wa polepole. Hiyo 100,000 iliyo kwenye orodha haina haraka. Amethisti, ile kwatzi ya zambarau, ikikujia, usipigane nayo kwa almasi, tumia unga wa oksidi ya seriamu. Na ukimpata fundi mkereza mwaminifu, anaweza kukutengenezea diski ya shaba bapa ambayo utaikandamizia unga wa 3000 mwenyewe. Ila ikishalishwa 3000 ni ya 3000 maisha yake yote, hairudi kuwa ya unga mwembamba zaidi.

Kila diski mfuko wake. Ukihama namba, nawa mikono, osha beseni la mashine, osha na kile kijiti kilichoshika jiwe.

Mtu wa Mererani akikuletea tanzanaiti, mwambie asubiri kwanza. Inapasuka kwa joto, na ina upande mmoja inaopenda kuchanika. Ukiweka uso sambamba na upande huo haitang'aa, itabanduka tu. Ni lazima uukwepe kwa nyuzi (digrii) kadhaa. Hiyo tutaifanya pamoja ukija.

Nitumie kipimo cha mhimili pamoja na picha ya ile 1200 kwa karibu kabla hujalipa. Mdogo wangu atavuka Holili mwisho wa mwezi, nitampa kipande cha kwatzi na unga kidogo wa 60,000 akufikishie Taveta. Msalimie Baba Neema na bibi.

Wako,
Shoga yako wa Arusha